Pampu ya Bula Biyo

Wanangu, nyinyi mliokuja kupanga na kujenga hapa Bula Biyo, mnaniuliza kila mara kwa nini mfereji unapita chini ya ukuta wa Hajia Zeinab na kukata ua wake katikati, kana kwamba alijenga nyumba juu ya mto. Nimewajibu mmoja mmoja, mlangoni, beseni la nguo likiwa mkononi. Leo nimekaa, chai ipo, nimesema niwaambie nyote kwa pamoja.

Mimi ni Dahabo. Nyinyi mnaniita ayeeyo, bibi, na sina ugomvi na hilo. Wenzangu wa rika waliniita Dahabo Bambu. Walikuwa wanamaanisha pampu, ila kwetu herufi ya P ni mgeni. Ikibisha hodi tunaifungulia kwa jina la B. Kazi yangu ilikuwa kuendesha pampu ya kikundi cha wakulima, ile iliyovuta maji Mto Tana na kuyapandisha hadi kichwa cha mfereji, halafu kuhakikisha kila shamba limekunywa. Niliianza kifungua mimba wangu akiwa bado ananyonya. Nimeiacha sasa, yeye ndiye anayenipeleka hospitali kupima presha.

Pale penye duka la kuchaji simu palikuwa kitalu cha miche ya nyanya. Hapo bodaboda wanapoegesha palikuwa na maembe ambayo hayakuwahi kuiva, kwa sababu tuliyala mabichi na chumvi. Garissa mjini palikuwa mbali. Mtu akisema anakwenda mjini, mtaa mzima ulimwagiza sukari, betri na dawa ya kichwa, naye alirudi jioni na mkokoteni wa punda umejaa kama harusi. Siku hizi hakuna anayekwenda mjini. Mji ndio uliokuja, ukakuta tumelala, ukasema sogeeni.

Sisi hatukuwa watu wa jembe. Tulikuwa watu wa mifugo, kutoka upande wa Modogashe, na ukame ulipomaliza ng'ombe, aabo wangu, baba yangu, alitushusha mtoni na mbuzi wachache waliobaki. Alikuwa mtu wa heshima na alishuka kama mtu anayekwenda jela. Mama na sisi tulipopata vibarua vya palizi, yeye alitandika mkeka wake kila asubuhi akiyapa mashamba mgongo, uso ameuelekeza porini, upande ambao ng'ombe walikuwa wakirudi zamani. Ukimpelekea nyanya alikula, lakini hakuuliza zimetoka wapi.

Pampu wakati huo ilikuwa mkononi mwa Mzee Dabaso. Huyu alikuwa wa wale jamaa wa ukingoni, waliolima na kuvua samaki Tana tangu babu zao, na alituona sisi wafugaji kama watoto waliokuja kujifunza kutembea. Siku moja nikiwa kwenye palizi nilisikia injini imebadilisha sauti. Nilisimama. Mzee Dabaso alikuwa anapita, akaniona nimeinua kichwa.

"Umesikia nini?" akaniuliza.

"Inakohoa kama ndama aliyevuta maziwa puani."

Alinitazama kidogo, akashuka mtoni. Aliporudi alisema mpira wa kuvutia maji ulikuwa unanyonya hewa, na kwamba kesho nisije na jembe, nije na masikio hayohayo. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Aliyefuga huwa ana sikio. Mnyama haongei, unamjua kwa pumzi.

Alinifundisha mambo machache na kuyarudia mpaka nikayachukia. La kwanza ni dole gumba. Injini za zamani hazikuwa na kitufe, zilikuwa na hendo ya chuma unayozungusha kwa mkono, na injini ikikataa kuwaka hurudisha teke. Ukiwa umekumbatia hendo kwa vidole vyote vitano, mkono unavunjika. Kwa hiyo dole gumba unaliweka upande mmoja na wenzake, kama mtu anayening'inia mtini, ili teke likija mkono uteleze utoke. Najua watu wawili Balambala waliopuuza hilo. Mmoja mpaka leo anakunja ngumi nusu.

La pili, pampu lazima inyweshwe kabla ya kuwashwa. Hakuna mwenye kiu anayeweza kumtekea mwingine. Unamimina maji ndani mpaka ijae, mpira wote ujae, ndipo unazungusha hendo. La tatu ni pale mpira unapovuta hewa. Usihangaike kuutafuta ufa kwa macho. Paka povu la sabuni kuanzia juu hadi chini, pole pole. Povu likitoweka mahali, likaingia ndani kama limemezwa, hapo ndipo. Fungia ukanda wa tyubu ya baiskeli, kaza. Na ncha ya mpira mtoni tuliivalisha kikapu cha miyaa ya mkoma ili isimeze majani na mchanga. Tana si mto wa kunyamaza; leo uko hapa, mwezi ujao umehamia kule na kukuachia kichanga.

La nne halikuwa la injini, lilikuwa la watu. Mzee Dabaso aligawa maji kuanzia shamba la mwisho kabisa. "Wa mbali anywe kwanza," alisema. "Ukianza na wa karibu, atashiba alale, na wa mbali atakesha akikulaani." Shamba la mwisho lilikuwa la Kuresha, rafiki yangu, mwenye migomba mizuri kuliko wote na mdomo mkali kuliko wote. Nadhani ile sheria ilitungwa kwa hofu yake.

Makosa tulifanya, tena ya kuchekesha. Mara ya kwanza kutumwa mjini kununua paipu, nilisimama mbele ya mwenye duka, mtu wa bara, nikamwambia kwa Kiswahili changu cha siku zile, "Nataka baibu, ndefu, ya kubeleka maji." Akanitazama na hijabu yangu, akatazama wenzake, akasema kwa upole, "Mama, hapa hatuuzi Baibo, Biblia ziko kanisani." Nikamwambia anayo, naiona imening'inia nyuma yake. Akageuka kutazama ukutani. Tulielewana mwishowe kwa vidole. Miaka yote iliyofuata nikiingia dukani kwake aliwaambia wafanyakazi, "Mleteeni huyu mama kitabu chake."

Halafu kuna msimu ambao kikundi kizima kilipanda tikiti maji, kwa sababu mwaka uliotangulia mtu mmoja alipanda tikiti akajenga nyumba ya mabati. Sote tukavuna wiki moja. Mjini tikiti zilijaa mpaka watu walikwepa kutusalimu wasije wakapewa. Tulikula sisi, wakala mbuzi, wakala punda, na mbuzi wa Kuresha wakafika mahali wakazikataa. Tangu siku hiyo tulipanga nani apande nini, na msinione nikigombana na wale vijana wanaotaka wote kufungua duka la simu mkadhani nina wivu.

Mzee Dabaso alipofariki, Allah amrehemu, wanaume wengine walisema hendo isiachiwe mwanamke. Kuresha akasimama mkutanoni akawaambia ipelekwe kwa yeyote atakayeweza kuiwasha palepale, mbele ya watu. Walijaribu watatu. Niliwaonya kuhusu dole gumba, maana sikutaka kesi. Haikuwaka. Hawakuwa wameinywesha.

Basi tukaenda hivyo, mvua na ukame, mpaka lami ikapita huku juu, na nyuma ya lami nguzo za umeme, na nyuma ya nguzo watu wenye tepu za kupimia. Ardhi ya juu, ambayo zamani tuliidharau kwa kuwa ni ya mawe na mathenge, ile miti ya miiba, ikaitwa ploti. Sikupinga. Watoto wetu nao walitaka nyumba, na shule ilitaka watoto. Lakini mfereji ulianzia huko juu ndipo uteremke mashambani, na hakuna aliyekaa chini akawaza utapitaje kati ya nyumba.

Hajia Zeinab alinunua kwa binamu yangu Hassan. Alikuwa mfanyabiashara wa nguo, ameishi mtaa wa Waberi kule mjini miaka mingi, na alitaka pahali penye hewa ambapo wajukuu wangecheza. Alijenga nyumba nzuri, mnaiona. Halafu akajenga ukuta wa mawe, na mafundi wake walipofika kwenye mfereji wakaujaza kifusi, wakamwaga saruji, wakaendelea.

Niliwasha pampu asubuhi kama kawaida. Maji yakaja mpaka ukutani, yakasimama, yakaanza kurudi nyuma. Yaliingia kwa Hassan mwenyewe. Nilipofika, kuku wake walikuwa juu ya paa na yeye yuko juu ya pipa la maji, kanzu ameishika mkononi.

"Kwa nini hukumwambia Hajia kuna mfereji?" nikamwuliza.

"Nilidhani utakufa wenyewe," akasema.

Kufikia adhuhuri wanaume wa mashambani walikuwa wamepanda na sururu kubomoa. Upande wa pili ndugu za Hajia walikuwa wamefika na gari kutoka mjini. Mnajua mambo ya kwetu. Ukuta ukibomolewa, hauwi tena wa Zeinab na Kuresha, unakuwa wa ukoo huu na ukoo ule, na hapo watu hufa. Niliwaomba wasubiri, nikaenda kubisha getini na Kuresha.

"Abaayo, dada yangu, nimekuja kwa heri," nikamwambia.

"Heri haiji na sururu," akajibu, akiwatazama wanaume nyuma yetu. "Mimi niliuziwa ploti. Hakuna aliyeniambia nimeuziwa na mto."

"Hukuambiwa, na hilo si kosa lako," nikasema.

"Migomba yangu haijui nani aliambiwa," Kuresha akasema. "Inakauka."

"Nikitoboa ukuta, mwizi ataingia."

"Kwa tundu la mfereji?" Kuresha akauliza. "Mwizi gani huyo?"

"Mwembamba," Hajia akasema, na hakucheka. Sisi pia hatukucheka pale, ingawa nyumbani tulicheka.

Hatukuelewana. Mambo yalikwenda kwa wazee, yakaenda kwa chifu, yakarudi kwa wazee. Huku nyuma mtaa ulipasuka. Kukawa na watu wa shamba na watu wa ploti. Watoto walianza kupigana madrasa. Muuza maziwa aliwapita watu wa ploti na mitungi yake, na mwenye gari hakumpa lifti mtu wa shamba. Mashamba ya chini yakawa yanakunywa kwa ndoo. Hassan akaja na shauri kwamba tuuze pampu, kila mtu achimbe kisima chake, ulimaji uishe kwa amani. Walikuwepo waliokubali. Nawaambia ukweli, mimi ambaye sijawahi kuogopa mamba, wiki zile niliogopa. Niliona kazi yote ya Mzee Dabaso inakwenda kuuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma.

Kisha mto ukaja.

Nyinyi wa bara mnadhani mafuriko huja na mvua. Huku huja na jua likiwaka. Mvua imenyesha milimani kwa watu wengine, sisi tunaanika nguo, na Tana inapanda. Niliona rangi ya maji imekuwa kama chai iliyozidi maziwa, na kijiti nilichochomeka ukingoni adhuhuri kilikuwa kimemezwa kabla ya laasiri. Nilipanda juu nikipiga kelele watu watoke. Wanawake wakabeba watoto na vyungu, wengine mbuzi. Halafu nikarudi kwa injini, maana injini haina miguu.

Tulikuwa watu kama kumi. Tuliifungua kwenye misumari yake, tukaivingirisha juu ya magogo, tukaifunga kamba kwa punda wawili. Punda walifika kwenye matope wakakataa. Tukavuta wenyewe, kamba ikateleza, injini ikaegemea upande wa mto. Maji yalikuwa magotini. Mtu akasema tuiache. Kuresha alikuwa analia huku anavuta.

Hapo nikasikia sauti nyuma yangu. "Nani amefunga hivi? Huyu atamwaga mzigo."

Alikuwa aabo. Yule mzee ambaye hakuwahi kushuka mashambani hata kuangalia, alikuwa amesimama kwenye matope na kamba zake za kufungia mizigo ya ngamia, zile alizotoka nazo Modogashe na kuzitundika ukutani miaka yote bila kazi. Akatuondoa. Akaizunguka injini kama anavyozunguka ngamia aliyepigishwa goti, akapitisha kamba chini ya tumbo lake, akavuta huku, akakaza kule, akaacha vishikio vya watu kila upande. "Sasa inueni mkitembea," akasema. "Msivute. Mzigo ukivutwa huogopa." Tukainua. Ikaja.

Njia ya kwenda stoo ya kikundi ilikuwa imeshajaa maji. Pakavu palipobaki ni huko juu, na njia iliishia kwenye geti la Hajia Zeinab. Alikuwa amesimama hapo mwenyewe. Watu wa mashambani walikuwa wamejazana mbele ya ukuta wake, hakuna aliyethubutu kuomba.

"Mnasubiri nini?" akasema. "Ingieni." Kisha akatuona sisi na ule mzigo wa matope. "Na hilo?"

"Ndiyo pampu, abaayo."

"Basi nayo ni mgeni. Iingie."

Tulikaa kwake mpaka maji yaliposhuka. Alifungua marobota ya nguo za dukani akawafunika watoto. Yeye na Kuresha waligombana kila asubuhi kuhusu anjera, chapati zetu za maji, mmoja akitaka unga uchachuke zaidi, mwingine akisema hiyo ni siki, na tulijua sasa wamekuwa jamaa. Kisha na sisi tukapata mvua yetu wenyewe, kubwa, na maji yake yakateremka kutoka juu yakaingia uani kwa Hajia yakakosa pa kutokea. Yalifika kizingitini. Njia yake ya kutoka ilikuwa imejazwa saruji.

Hajia alisimama barazani akitazama viatu vyake vikielea. Akaita, "Hassan. Chukua sururu. Uliniuzia wewe, utoboe wewe."

Hassan alitoboa, mvua ikimpiga, na watu wa shamba na watu wa ploti wakimzolea vifusi. Hakuna aliyemsaidia sururu yenyewe. Ilikuwa haki yake.

Baada ya hapo mkutano haukuwa mgumu. Ilikubaliwa na fatiha ikasomwa: ardhi ya chini karibu na mto ni ya kulima, hakuna nyumba, ya juu ni ya kujenga, na kila ukuta unaokutana na mfereji uache tundu la koleo kupita. Ndiyo sababu mtaa wenu una migomba nyuma na nyumba mbele, na ndiyo sababu maji yalipopanda tena miaka ya karibuni tulipoteza mahindi, hatukupoteza mtu wala mlango. Mitaa mingine inakuja kutuuliza tulifanyaje. Naona fahari, sitaki kuficha. Injini tuliirudisha, nikaisafisha matope kwa mswaki, ikawaka.

Aabo hakushika jembe hata hivyo. Lakini siku moja nilipita penye kibanda cha chai nikamsikia akiwaambia wazee wenzake, "Binti yangu ana ngamia mmoja ambaye ukame haumuui." Alikuwa amegeuza kiti, uso ameuelekeza mashambani. Nilipita haraka asinione.

Leo pampu ni ya sola. Anayeiendesha ni Nasra, mjukuu wa Kuresha, aliyesomea mambo hayo. Nilimwuliza, "Hii haina sauti. Utajuaje ikiugua?" Akaniambia, "Ayeeyo, itanitumia meseji." Nilicheka sana. Mwezi uliofuata iliugua, na ikamtumia kweli. Alinionyesha simu, na nikamwambia mashallah, kwa sababu anayejua kazi apewe haki yake. Kitu kimoja nilimsisitizia na anakifuata: wa mbali anywe kwanza, hata kama sasa wa mbali ana nyumba ya ghorofa.

Juzi tulisafisha mfereji kabla ya kupanda, nanyi mlikuwepo. Alikuja nesi akiwa bado na sare, wakaja bodaboda, mwalimu kutoka Kakamega na mkewe, wanafunzi wa vyuo wanaopanga kwa Hajia. Koleo zilizidi mfereji. Waliniletea kiti, wakanikalisha kivulini, nikakaa nikitafuta kosa la kukemea. Sikulipata. Zamani maji yalipofika shamba la mwisho, wanawake walipiga vigelegele, kwa sababu hatukuwa na uhakika kama yatafika. Juzi yalipita mbele ya kiti changu, safi, yakaingia chini ya ukuta, yakatokea upande wa pili, yakateremka. Nikawatazama nyuso. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kuyaangalia. Mlikuwa mnabishana habari za mpira wa miguu.

Nikaomba chai nyingine. Miaka yangu yote nilifanya kazi ili siku kama hiyo ifike.